Ini Linapojijenga Upya, Sukari ya Mwili Huenda Wapi?

Na Mwandishi Wetu

Ni kawaida katika jamii zetu, mtu anapougua manjano, ndugu na majirani kumpelekea kopo la glukosi. Hoja yao ni nyepesi: ini limechoka, sukari ni nguvu, basi mgonjwa apewe sukari ili ini lipate nguvu ya kupona. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, tena ukweli mkubwa, ila haijakamilika. Utafiti uliofanywa kwa takribani karne moja unaonesha kwamba ini linalojijenga upya hubadilisha kwa kina namna linavyopokea, linavyohifadhi na linavyotengeneza sukari. Unaonesha pia kwamba kushuka kwa sukari katika damu huenda ni mojawapo ya ishara zinazoliamsha ini lianze kukua.

Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo, ili mwananchi anayemuuguza mgonjwa, anayesubiri upasuaji wa ini au anayefikiria kumchangia ndugu yake sehemu ya ini aelewe kwa nini wahudumu wa afya humpima mgonjwa sukari mara kwa mara, hata kama mgonjwa huyo hajawahi kuwa na kisukari.

Ghala na kiwanda

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia, chini ya mbavu. Takribani robo ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita humo. Sehemu kubwa ya damu hiyo, kiasi cha robo tatu, huletwa na mshipa uitwao vena lango, unaokusanya damu kutoka kwenye tumbo, utumbo, wengu na kongosho. Mpangilio huo una maana kubwa. Ugali, wali, ndizi au muhogo ukishameng'enywa na kuwa glukosi, ini ndilo la kwanza kuipokea, kabla ya ubongo na misuli. Homoni za kongosho, yaani insulini na glukagoni, nazo hulifikia ini kwanza zikiwa bado na nguvu, kabla ya kusambaa na kupungua katika damu ya mwili mzima.

Baada ya mlo, ini huichukua glukosi iliyozidi na kuiunganisha katika minyororo mirefu yenye matawi iitwayo glikojeni. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeonesha, katikati ya karne ya 19, kwamba ini lenyewe huingiza sukari katika damu, na mwaka 1857 aliitenga hifadhi hiyo na kuipa jina. Ini lililoshiba huwa na glikojeni ya gramu 100 hivi. Misuli kwa ujumla wake huhifadhi zaidi, hata gramu 400, lakini hifadhi yake ni ya matumizi yake yenyewe. Misuli haina kimeng'enya cha glukosi-6-fosfatesi, ambacho huikamilisha kazi ya kuiachia glukosi itoke ndani ya seli na kuingia katika damu. Kwa maneno mengine, misuli ina ghala lisilo na mlango wa kutokea, ilhali ghala la ini lina mlango.

Ubongo pekee hutumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku. Msomaji akilinganisha tarakimu hizo mbili ataona kwamba ghala la ini haliwezi kuukidhi ubongo hata kwa siku moja nzima bila chakula. Ndiyo maana ini ni ghala na ni kiwanda pia. Mtu anapolala bila kula, au anapofunga, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na malighafi zisizo sukari: asidi ya laktiki inayotoka kwenye misuli na chembe nyekundu za damu, asidi amino zinazotokana na protini, na gliseroli inayotokana na mafuta. Carl na Gerty Cori, mume na mke, walieleza jinsi asidi ya laktiki inavyotoka kwenye misuli, inavyogeuzwa kuwa glukosi katika ini na kurudi kwenye misuli. Mwaka 1947 walishiriki Tuzo ya Nobeli kwa kufichua namna glikojeni inavyovunjwa na kuundwa tena.

Jambo la kuliondoa ini lote na kuona kinachotokea lilijaribiwa Marekani, katika Kliniki ya Mayo, na Frank Mann na Thomas Magath mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mbwa walioondolewa ini walionekana kuwa wazima kwa saa kadhaa, kisha sukari ya damu yao ikashuka, misuli ikalegea, wakapata degedege na kuelekea kufa. Walipodungwa glukosi, wanyama waliokuwa wamelala hoi waliinuka baada ya muda mfupi na kutembea. Hawakupona, kwa maana ini lina kazi nyingine nyingi ambazo glukosi haizibi pengo lake. Hata hivyo, jaribio hilo liliweka wazi kwamba upungufu wa sukari ndio hatari ya kwanza kumkabili kiumbe asiye na ini. Ukweli uliomo katika kopo la glukosi chanzo chake kiko hapo.

Si kama mkia wa mjusi

Wagiriki wa kale walikuwa na ngano ya Prometheus, aliyefungwa mwambani na kuliwa ini na ndege kila siku, nalo likakua tena usiku. Watu wengi huitaja ngano hiyo kama ushahidi kwamba wahenga hao walilijua jambo hili, ingawa ngano si ripoti ya maabara. Kiswahili chenyewe kimelipa ini heshima ya namna yake: maneno yenye kuumiza sana husemwa kuwa yamemkata mtu maini. Laiti msemo huo ungefuatwa kwa kauli ya madaktari, tungeongeza kwamba ini likikatwa hurudi.

Namna linavyorudi ndiyo inayohitaji maelezo. Mwaka 1931 Higgins na Anderson, nao wakiwa katika Kliniki ya Mayo, walichapisha njia ya kuondoa takribani theluthi mbili ya ini la panya kwa kukata ndewe zake mbili kubwa. Njia hiyo inatumika hadi leo katika maabara duniani kote. Panya aliyefanyiwa hivyo hurudisha uzito wa ini lake katika muda wa siku saba hadi kumi. Lakini ndewe zilizokatwa hazichipui tena kama mkia wa mjusi. Zile zilizobaki ndizo zinazonenepa hadi uzito wa jumla unalingana na mahitaji ya mwili. Seli za ini lenye afya, ambazo kwa kawaida hukaa muda mrefu bila kugawanyika, kwanza huongezeka ukubwa, kisha nyingi miongoni mwake huanza kunakili DNA na kugawanyika. Katika panya, kilele cha unakili huo hufikiwa saa 24 hivi baada ya upasuaji. Iwapo kilichoondolewa ni kidogo, kama theluthi moja, kunenepa kwa seli zilizobaki kunaweza kutosha bila mgawanyiko wa maana.

Saa za mwanzo

Tafakari hali ya theluthi ya ini iliyobaki. Damu yote ya vena lango iliyokuwa ikipita katika ini zima sasa inalazimika kupita hapo, hivyo kila gramu ya ini hupokea kiasi cha mara tatu ya damu iliyokuwa ikiipokea. Mwili haujapunguza mahitaji yake. Ubongo bado unadai glukosi ileile, na mgonjwa au mnyama aliyetoka kwenye upasuaji hali chakula. Glikojeni iliyobaki huisha ndani ya saa chache. Sukari ya damu hushuka. Kongosho nalo huitikia kwa kupunguza insulini na kuongeza glukagoni, homoni ambayo huliamuru ini litoe sukari.

Hapo ndipo yanapojitokeza mabadiliko ambayo watafiti wa baiolojia ya molekuli waliyachunguza kwa makini kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Miongoni mwa jeni zinazowashwa mapema kabisa, katika saa za mwanzo tu, ni zile za vimeng'enya vya kutengeneza glukosi mpya: fosfoenolpairuveti kaboksikinesi, ambayo wataalamu huifupisha kuwa PEPCK, na ile glukosi-6-fosfatesi iliyotajwa hapo juu. Ini lililobaki hupandisha uzalishaji wa glukosi kwa kila gramu ya uzito wake, likitumia asidi ya laktiki, asidi amino na gliseroli zinazoletwa kwa wingi kutoka kwenye misuli na mafuta ya mwili.

Jambo hilo linastahili kusisitizwa, kwa kuwa linakwenda kinyume na matarajio ya wengi. Ingetarajiwa kwamba seli inayojiandaa kugawanyika ingeacha kazi za kawaida na kujilimbikizia sukari kwa ajili ya ujenzi wake. Seli ya ini haifanyi hivyo. Inaendelea kuulisha mwili huku ikijiandaa kugawanyika, mithili ya mama anayeendelea kuipikia familia ilhali nyumba inaezuliwa na kuezekwa upya.

Wakati huohuo, njia ya kuingiza glukosi katika seli hupunguzwa. Glukokinesi, kimeng'enya kinachoinasa glukosi inapoingia katika seli ya ini baada ya mlo, hupungua. Mahali pake panaanza kuonekana zaidi heksokinesi, jamaa yake ambayo hufanya kazi hata sukari ikiwa kidogo na ambayo ni ya kawaida zaidi katika seli zinazokua na katika tishu nyingine za mwili. Pairuveti kinesi, kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kuivunja glukosi, nacho huonekana katika aina ambayo hupatikana kwa wingi katika ini changa la kijusi. Kwa muda wa siku chache, ini la mtu mzima huazima baadhi ya tabia za utotoni.

Sababu ya kuazima tabia hizo ni ujenzi. Glukosi inaweza kuunguzwa ili kupata nishati, na inaweza pia kuchepushwa katika njia ya pembeni ambayo hutengeneza sukari ya kaboni tano iitwayo ribosi, iliyo sehemu ya msingi ya DNA na RNA. Njia hiyohiyo huzalisha NADPH, molekuli inayohitajika katika kuunda mafuta ya kuta za seli na katika kuikinga seli dhidi ya madhara ya oksijeni. Kimeng'enya kinachofungua njia hiyo, glukosi-6-fosfeti dihaidrojinesi, huongezeka utendaji wake ini linapojijenga. Wasomaji wengi wamewahi kukisikia kwa kifupi chake, G6PD, kwa kuwa upungufu wake wa kurithi, unaopatikana kwa wingi katika maeneo yenye malaria, humfanya mtu apungukiwe damu anapotumia baadhi ya dawa.

Mafuta yachukua zamu

Ikiwa glukosi inaelekezwa kwenye damu na kwenye ujenzi, ini lenyewe linaendeshwa kwa nishati gani? Jibu ni mafuta. Katika siku ya kwanza baada ya upasuaji, matone ya mafuta hujaa ndani ya seli za ini la panya kiasi cha kuonekana wazi kwa hadubini. Mafuta hayo hayatoki katika chakula. Huyeyushwa kutoka kwenye hifadhi za mwili na kusafirishwa hadi kwenye ini, ambako huunguzwa. Hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Isichanganywe na ugonjwa wa mafuta katika ini unaotokana na unene, kisukari au pombe, ambao hukaa kwa miaka na kulidhoofisha ini. Ini lililokwisha kujaa mafuta ya namna hiyo kabla ya upasuaji hujijenga kwa shida, na ndiyo sababu madaktari humpima mchangiaji wa ini kiasi cha mafuta kabla ya kumkubali, na wakati mwingine humtaka apunguze uzito kwanza.

Kiasi cha mafuta na protini ambacho mnyama hupoteza mwilini katika kipindi hicho kinaelekea kulingana na ukubwa wa pengo la ini. Baadhi ya watafiti wamejenga juu ya jambo hilo hoja kwamba mwili hauna mizani ya kulipimia ini kwa gramu. Unachokipima ni uwezo wa ini kukidhi mahitaji: ini likishindwa kushikilia sukari ya damu katika kiwango chake, mwili mzima huingia katika hali inayofanana na kufunga, na hali hiyo yenyewe ndiyo inayoliambia ini kwamba halitoshi. Likishatosha, ishara hukoma na ukuaji nao hukoma. Hoja hiyo haijamaliza mjadala, maana zipo ishara nyingine nyingi zinazohusika, zikiwamo protini za kinga, asidi za nyongo na vichocheo vya ukuaji. Kwa maoni ya mwandishi, hata hivyo, ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jambo linalofuata.

Glukosi nyingi yachelewesha

Panya walioondolewa sehemu ya ini kisha wakapewa glukosi ya ziada, ili sukari ya damu yao isishuke, hujenga ini polepole zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Matokeo hayo yamepatikana zaidi ya mara moja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha sehemu ya sababu: glukosi ya ziada huzidisha ndani ya seli za ini protini iitwayo p21, ambayo ni breki ya mgawanyiko wa seli. Panya wasio na jeni ya p21 hawakucheleweshwa na glukosi kwa namna hiyo.

Ni rahisi kulisoma jambo hilo vibaya. Halina maana kwamba mgonjwa wa ini anyimwe chakula, wala kwamba dripu ya glukosi hospitalini ni kosa. Panya wa maabara ana ini lenye afya lililokatwa kwa ustadi, naye hushuka sukari kwa kiasi anachoweza kukivumilia. Binadamu mwenye ini lililoshambuliwa na virusi au sumu anaweza kushuka sukari hadi kupoteza fahamu na kufa, na hapo glukosi ndiyo inayookoa maisha yake, kama ilivyowainua mbwa wa Mann na Magath. Ujumbe wake ni kwamba glukosi ni tiba ya upungufu wa sukari. Haijathibitishwa kuwa ni mbolea ya ini. Mgonjwa wa manjano anayeweza kula hana sababu ya kuacha chakula cha kawaida chenye wanga, protini na mboga ili ashinde akinywa maji ya glukosi.

Insulini nayo isichukuliwe kuwa adui kwa sababu tu hupungua katika saa za mwanzo. Katika miaka ya 1970 Thomas Starzl, daktari wa upasuaji wa Marekani anayekumbukwa kwa kuongoza upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mwaka 1963, alionesha pamoja na wenzake kwamba damu ya vena lango ina kitu kinacholitunza ini, na kwamba insulini ni sehemu kubwa ya kitu hicho. Damu hiyo ikichepushwa isilipitie ini la mbwa, seli za ini husinyaa, na insulini ikipelekwa moja kwa moja kwenye ini, kusinyaa huko huzuiwa kwa kiasi kikubwa. Aidha, wanyama wenye kisukari kisichotibiwa hujenga ini kwa kuchelewa. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa ini hana ruhusa ya kujiachishia dawa kwa kusikia kwamba sukari ndogo huliamsha ini. Dozi yake hupangwa na daktari, siku kwa siku.

Tofauti na saratani

Mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg aligundua katika miaka ya 1920 kwamba seli za saratani huivunja glukosi kwa wingi na kuigeuza asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapokuwapo ya kutosha. Kwa kuwa ini linalojijenga nalo lina seli nyingi zinazogawanyika, watafiti wameyalinganisha mambo hayo mawili. Zipo tabia zinazofanana, kama kupungua kwa glukokinesi na kuongezeka kwa heksokinesi. Tofauti yao kubwa ni kwamba ini linalojijenga huendelea kutengeneza glukosi kwa ajili ya mwili mzima, wakati saratani ya ini kwa kawaida hupunguza au huacha kabisa kazi hiyo na kuwa mtumiaji tu. Vilevile, ini linalojijenga hurejea katika hali yake ya awali. Uzito unapokaribia kukamilika, glukokinesi hurudi, glikojeni hujaa tena, na seli hutulia.

Kwa binadamu aliyefanyiwa upasuaji

Upasuaji wa kuondoa sehemu ya ini hufanywa zaidi kwa sababu ya uvimbe au saratani. Ini lenye afya linaweza kuvumilia kubakiziwa robo yake hivi, lakini ini lenye makovu huhitaji kubakiziwa sehemu kubwa zaidi, takribani asilimia 40. Pale ambapo sehemu itakayobaki inaonekana kuwa ndogo, zipo hospitali duniani ambako daktari huziba kwanza tawi la vena lango linalokwenda upande wenye ugonjwa, kisha husubiri wiki kadhaa upande mwingine ukue. Njia hiyo iliasisiwa na madaktari wa Japani katika miaka ya 1980.

Uchangiaji wa ini kutoka kwa mtu aliye hai ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 mjini Brisbane, Australia, ambapo mama alimpa mwanawe kipande cha ini lake. Mtu mzima anapomchangia mtu mzima mwenzake, huondolewa kwa kawaida ndewe ya kulia, ambayo ni kama asilimia 60 ya ini. Ukuaji huwa wa kasi katika wiki mbili za mwanzo, na sehemu kubwa ya ujazo hurudi katika muda wa miezi miwili hadi mitatu. Si kila mchangiaji hurudisha ujazo wote wa awali, lakini kiasi kinachorudi kwa kawaida hukidhi mahitaji yake.

Kwa wagonjwa hao, kushuka kwa sukari hakuonekani wazi kama kwa panya, kwa kuwa mgonjwa huwa na dripu. Zaidi ya hayo, mshtuko wa upasuaji huongeza homoni zinazopandisha sukari, hivyo ni kawaida kukuta sukari iko juu katika siku ya kwanza. Ndiyo sababu hupimwa mara kwa mara, pande zote mbili za mizani. Asidi ya laktiki nayo hupimwa, maana ini ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kuiondoa katika damu. Laktiki inayozidi kupanda pamoja na sukari inayogoma kukaa juu ni dalili mbaya, kwamba ini lililobaki halitoshi. Kipimo kingine ni fosfati, ambayo hushuka katika siku chache baada ya upasuaji mkubwa wa ini. Zamani ilidhaniwa kwamba fosfati yote humezwa na seli mpya zinazoundwa; baadaye ilibainika kwamba nyingi hupotea kupitia mkojo.

Usiku mmoja ulio sawa na siku tatu

Yapo maini ambayo hayawezi tena kujijenga vizuri, nayo ndiyo wananchi wengi hukutana nayo. Ini likiumizwa mwaka hadi mwaka na virusi vya homa ya ini, pombe au mafuta, hujaa makovu, hali iitwayo sirosisi. Seli hujaribu kuzaliana katikati ya makovu na kuishia kufanya vinundu visivyo na mpangilio wa mishipa unaofaa. Ghala la glikojeni la mgonjwa huyo ni dogo sana. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 ulionesha kwamba mgonjwa wa sirosisi aliyelala usiku mmoja bila kula huwa na umetaboli unaofanana na wa mtu mwenye afya aliyekaa siku mbili hadi tatu bila chakula: tayari anaunguza mafuta na kuvunja protini za misuli yake ili kutengeneza glukosi. Ndivyo misuli ya mgonjwa inavyokwisha ingawa tumbo limejaa maji.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya lishe ya kimataifa inashauri wagonjwa hao wasikae muda mrefu bila kula mchana, na wapate mlo mdogo kabla ya kulala wenye wanga wa kiasi cha gramu 50, mathalani uji mzito na kipande cha mkate au viazi vitamu. Protini isipunguzwe bila agizo la daktari. Mgonjwa wa sirosisi anayetaka kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, azungumze kwanza na daktari wake.

Pombe inahitaji kutajwa kwa upekee. Ini linapoivunja pombe, hali ya kikemia ndani ya seli hubadilika kwa namna inayozuia utengenezaji wa glukosi mpya. Mtu aliyekunywa sana bila kula, glikojeni yake ikiwa imekwisha, anaweza kushuka sukari kwa hatari wakati wenzake wanadhani amelewa tu na kumwacha alale. Mtoto aliyekunywa pombe kwa bahati mbaya yuko katika hatari kubwa zaidi.

Katika ukanda wetu ipo pia sumukuvu, inayotokana na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004, mlipuko wa sumu hiyo mashariki mwa Kenya uliwapata watu 317, na 125 kati yao walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Kwa miaka mingi, sumukuvu ikikutana na homa ya ini aina ya B huongeza mno uwezekano wa saratani ya ini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B mwaka 2022. Kwa hapa Tanzania, kinga dhidi ya virusi hivyo imo katika chanjo ya pentavalenti, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Dalili za kushuka kwa sukari kwa mgonjwa wa ini ni jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida na hatimaye degedege. Kuchanganyikiwa na usingizi huweza pia kutokana na sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa, na mwenye kuuguza hawezi kuzitofautisha kwa macho, kwa hiyo kipimo cha sukari kifanyike mara moja. Mgonjwa aliye na fahamu na anayeweza kumeza apewe kinywaji chenye sukari wakati safari ya kituo cha afya ikiandaliwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Alazwe ubavu na afikishwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu, na wahudumu waelezwe dawa zote alizotumia, zikiwamo za maumivu na za mitishamba.